Yule wa Kuendesha Ametulia

Kazi yangu siku hizi ni kuwafundisha wauguzi na matabibu jinsi ya kupokezana wagonjwa. Ukiisikia hivyo unaweza kudhani ni utaalamu mkubwa. Kwa kweli nawafundisha watu wazima kuongea. Mtu amesoma miaka mitatu, anajua kushona kidonda na kuzalisha mama, lakini saa saba ikigonga anamwachia mwenzake chumba kizima cha wagonjwa kwa maneno matano, amesimama mlangoni, mkoba begani. Mwenzake naye anajibu sawa sawa huku akitafuta mahali pa kuweka chakula chake. Hapo ndipo wagonjwa wanapopotea, na nalijua hilo kuliko ninavyopenda kukiri.

Huwa naanza kwa kubandika karatasi kubwa ya manila ukutani. Nawaomba wanafunzi waniambie maneno wanayoyatumia kumkabidhi mgonjwa, nami nayaandika kwa kalamu nene. Ako sawa. Ako fiti. Anaendelea. Hana noma. Wanacheka, kwa sababu kila mmoja anajisikia mwenyewe ndani yake. Kisha nayakata yote kwa mstari mmoja, na daima kuna anayekasirika.

"Sasa daktari, tusiposema ako sawa tutasema aje?"

"Sema ulichoona," namjibu. "Sawa hujaiona. Hakuna mtu amewahi kuiona sawa."

Nawapa mambo manne: mgonjwa ni nani na ana nini, amefanyiwa nini, ni kitu gani kinakutia wasiwasi, na unataka mwenzako afanye nini na saa ngapi. Anayepokea lazima ayarudie yote kwa sauti. Mpaka amalize kuyarudia, mkoba wa anayetoka unakaa sakafuni. Kuhusu mkoba mimi ni mkali kupita kiasi, nimewahi kumvua mtu mkoba begani mbele ya wenzake.

Mwisho naongeza neno moja ambalo halijatajwa: ametulia. Kisha nawasimulia kisa cha muuguzi mmoja wa Kibera aliyelitumia vibaya. Kwa miaka kadhaa nilikisimulia hivyo hivyo, muuguzi mmoja, siku moja, mtoto mmoja. Huyo muuguzi hakuwepo. Nilikuwa ni mimi, na wala si muuguzi, nina diploma ya utabibu na Kibera nzima huniita daktari.

Wakati huo nilikuwa na kazi mbili. Asubuhi nilikuwa kwenye kliniki ndogo ya mabati kule Sarang'ombe, ndani ya Kibera, vyumba viwili na benchi tatu. Kuanzia saa nane mchana nilikuwa kliniki nyingine Kawangware, ambako mwenye kliniki alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni akiangalia saa. Kwa hiyo saa saba ikikaribia mimi nilikuwa nimeshaondoka kichwani, mwili tu ndio ulikuwa umebaki Sarang'ombe.

Mtoto aliletwa saa nne. Alikuwa na kama mwaka mmoja na nusu, na alikuwa ameendesha tangu usiku, kama tunavyosema huku kwa kuhara. Alilia kwa nguvu, akapiga kijiko teke, akamwaga maji ya chumvi na sukari kwenye shati langu. Nilifurahi. Mtoto anayepigana ana nguvu, na nilimwambia mama yake hivyo. Nikamwekea mama kikombe na kijiko, nikamwonyesha namna ya kumpa kidogo kidogo, nikamweka kwenye kona ya chumba cha pili. Alikuwa mama kijana, mpole, muuza mboga, rangi ya kijani imeingia kwenye kucha kwa kukata mboga.

Kilio kiliendelea zaidi ya saa mbili. Wagonjwa wengine walianza kumtazama yule mama kwa jicho baya, naye akawa anaomba msamaha kwa kila mtu. Halafu, kwenye saa sita na nusu, kukawa kimya. Mzee mmoja aliyekuja na kichwa kinamuuma alisema, "Afadhali." Hata mimi niliona afadhali. Nataka niliseme hili wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kulisahau: nilipousikia ule ukimya nilifurahi.

Mama alikuja mlangoni pangu, mtoto amemlaza begani. Nilikuwa najaza rejista.

"Daktari," akasema, "huyu hajawahi kunyamaza hivi. Hata akilala huwa analialia."

Niliinua macho. Macho ya mtoto yalikuwa nusu wazi na hayakuwa yanaangalia kitu. Mkono wake ulikuwa unaning'inia. Kuna jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulijua: unabana ngozi ya tumbo kidogo, unaiachilia, unaona inarudi upesi au polepole; ikirudi polepole, mwili umekauka maji. Haichukui muda hata wa kupiga chafya. Mimi sikuinuka kwenye kiti.

"Wacha apumzike," nikamwambia. "Amechoka kulia."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kona yake. Aliniamini. Alikuwa ameona nimemtazama mtoto, na kwake daktari akishatazama basi kazi imefanyika.

Sista, muuguzi wa zamu ya mchana, aliingia saa saba kasoro dakika chache. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja karibu miaka miwili na nilimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Nje, mtu wa bodaboda niliyemzoea alikuwa anapiga honi. Nilimpokeza wagonjwa tukiwa kwenye ujia, mimi nikitoka, yeye akiingia.

"Wa kidonda umbadilishie bandeji. Yule mjamzito anangoja majibu ya mkojo. Na yule wa kuendesha ametulia."

"Sawa. Enda salama, daktari."

Basi. Ndiyo makabidhiano yote. Na hebu ulitazame hilo neno. Homa ikishuka tunasema mgonjwa ametulia. Maumivu yakipungua, ametulia. Mume mlevi akiacha pombe, majirani wanasema siku hizi ametulia. Mtoto akisifiwa kuwa mzuri, ametulia. Katika lugha yetu ni neno la heri tupu. Mimi nilimaanisha kelele zimeisha, yeye akaelewa ugonjwa umeisha, na hakuna kati yetu aliyekuwa amekosea Kiswahili.

Kwa hiyo alifanya alichopaswa kufanya kwa jinsi alivyoambiwa. Alianza na kidonda, kisha mjamzito, kisha foleni. Alipofika kwenye kona ilikuwa karibu saa tisa. Baadaye aliniambia alitafuta mshipa wa kumtundikia maji kwenye mikono, kwenye miguu, mpaka kichwani, na hakuupata. Walikimbia na mtoto hadi barabarani Ayany kutafuta gari. Alikata roho kabla hawajafika hospitalini.

Nilipigiwa simu nikiwa Kawangware, nakunywa chai. Sista alikuwa analia. Nikamwambia, "Pole sana," kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake pole ya msiba wake. Ile sauti yangu naikumbuka hata sasa.

Baada ya siku tatu msimamizi wa kliniki alituita. Tulikaa watatu kwenye meza. Mama wa mtoto hakuitwa, hakuna aliyefikiria kwamba ana la kusema. Msimamizi alimuuliza sista, "Ulipokezwa aje?"

"Niliambiwa ametulia," sista akajibu, kisha akanigeukia.

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Najua kila mwongo husema hivyo. Lakini nakumbuka nilifungua mdomo nikidhani nitasema ndiyo, na kilichotoka ni hiki: "Nilimwambia ametulia, lakini akae akimtazama."

Msimamizi akaandika. Hatukuwa na kitabu cha kupokezana, hakukuwa na shahidi, ilikuwa neno langu na neno lake, na mimi ndiye daktari. Nilingoja sista anikatalie. Hakukataa. Alinikazia macho, paji limekunjamana, na nikaona anajitahidi kukumbuka. Alikuwa anajiuliza kama kweli nilisema, naye hakusikia. Nilimwacha ajiulize.

Mwisho wa mwezi aliambiwa asirudi. Nilimbebea mfuko wa vitu vyake mpaka barabarani, viatu vya mpira, kikombe, sweta la zamu. Alinishukuru.

Baada ya hapo nikawa mtu wa makabidhiano. Nilichora fomu kwa mkono, nikaipigisha chapa, nikailazimisha kliniki iitumie. Nilikuwa mkali, nilikuwa nakagua, nilikuwa nawasumbua watu. Wakubwa waliona bidii. Waliokuwa wanaandaa mafunzo wakaniona, wakanichukua, na hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mwalimu. Bidii ile yote ilikuwa ni kukimbia tu, lakini ukikimbia ukiwa umeshika karatasi watu wanadhani unafanya kazi.

Miezi michache iliyopita nilikuwa na darasa Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa, watu kama ishirini kwenye viti vya plastiki. Niliingia na manila zangu kwapani, na kwenye mstari wa pili alikuwa sista. Alikuwa amenenepa kidogo na amefunga kitambaa kichwani. Tulikuwa hatujaonana tangu ile siku ya mfuko.

"Sasa, daktari," akasema.

"Poa, sista. Uko huku siku hizi?"

"Niko huku."

Asubuhi nzima nilifikiria kukiruka kile kisa. Ilipofika zamu yake mdomo ukajiendea wenyewe, kwa jinsi nilivyokizoea. Muuguzi mmoja, nikasema. Siku moja. Niliwatazama watu wote isipokuwa wa mstari wa pili. Nilipofika mwisho nikaharakisha kwenda kwenye zoezi.

Katika zoezi tunaviringisha leso ya kujifunga iwe mtoto. Mmoja anatoka zamu, mmoja anaingia. Sista aliinua mkono akasema yeye atapokea. Nesi mmoja wa kiume, mwenye sauti nzuri, akamkabidhi leso kwa mambo manne, moja baada ya jingine, bila kosa. Sista akayarudia yote, bila kosa. Mkoba ulikuwa sakafuni. Nilikuwa nimeshaanza kuwapongeza.

"Daktari, niko na swali," akasema, leso bado mkononi. "Kwa fomu yako sioni mahali pa kuandika mama amesema nini."

Ukumbi ukanong'ona. Mtu mmoja akasema ni kweli, mama ndiye anamjua mtoto.

"Na yule mtoi wa story yako," akaendelea, taratibu, kama mwanafunzi yeyote. "Mama yake alisema nini?"

Nilikuwa na nafasi pale. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Hiyo haijulikani," nikajibu.

Akaketi, akaiweka leso pajani, akafungua daftari lake. Niliona mkono wake ukiandika nilichosema. Nikatangaza chakula cha mchana, ingawa kilikuwa bado hakijaiva.

Nilimfuata kwenye tangi la maji, alikokuwa ananawa mikono.

"Sista, ulijua?"

"Nilijua nini?"

Hakunisaidia hata kidogo, na alifanya vizuri. Ilinibidi niseme yote kwa mdomo wangu: kwamba mama alikuja mlangoni, kwamba niliona na sikuinuka, kwamba sikumwambia yeye, na kwamba yale maneno ya akae akimtazama niliyatunga mezani. Alinisikiliza huku akijipangusa mikono kidole kwa kidole.

"Nilijua mara tu baada ya kufutwa," akasema. "Nilienda kumpa mama pole, akanieleza."

"Na mbona hukurudi ukasema?"

"Niseme kwa nani, daktari? Mimi nilikuwa nishafutwa. Ningeenda kusema mama mboga amesema daktari amedanganya?" Alitikisa maji yaliyobaki. "Mimi nilipata kazi hapa, niko tu. Shida si mimi. Shida ni yule mama. Kila akiniona ananiomba msamaha."

Sikumwelewa. Nikamuuliza msamaha wa nini.

"Anasema yeye ndiye alinifutisha kazi. Anasema angekuja aniambie mimi pia, vile alikuambia wewe, mtoi angeishi. Siku hizi hata anasema pengine hakukuambia vizuri, pengine aliongea polepole sana hukusikia. Nimemwambia si yeye. Nimemwambia mpaka nimechoka. Hawezi kuniamini mimi, kwa sababu mimi sikuwa hapo mlangoni."

Kisha akanikumbusha kwamba watu wanangoja chakula na kwamba bado nilikuwa na kipindi cha mchana.

Kwenye kipindi hicho niliwaambia wanafunzi kwamba yule muuguzi mmoja nilikuwa mimi. Nilisema na alichosema mama, na nilichosema mimi mezani, na kwamba mwenzangu ndiye aliyelipia. Sikumtaja wala kumtazama. Nilipomaliza, mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, wakaungana naye wote. Walinipigia makofi! Wengine walikuwa na machozi, kijana mmoja akasema nina ujasiri. Sijawahi kuona aibu kama ile. Sista peke yake hakupiga, alikuwa anachora mstari wa tano kwenye fomu yake kwa rula.

Niliandika pia barua kwa msimamizi wa zamani. Alinipigia simu kuniambia kwamba mambo hayo yalishapita, nisijitese. Nikamwambia hayajapita, ndio maana nimeandika, akasema ana mgonjwa.

Kwenda kwa mama kulinichukua wiki tatu zaidi. Nilijipa visingizio vyote anavyojipa mtu, mvua, kazi, tumbo. Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Sista alikuwa amenielekeza: kibanda cha mboga kwenye njia inayoteremka kutoka Ayany kuingia Sarang'ombe, turubai la bluu. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi kwa miaka yote hiyo na sikuwahi kuangalia upande huo.

Alinitambua mara moja. "Karibu, daktari!" akasema, akapangusa kreti akaniwekea nikae. Akaniuliza habari ya nyumbani, kama kliniki ingali na watu wengi, akanihurumia kwa kazi nyingi. Alikuwa anamkatia mteja sukuma wiki, nyembamba kabisa, kisu kinapita karibu na kidole bila yeye kutazama. Nilingoja mteja aende.

"Mama," nikasema, "ile siku ulikuja kwa mlango wangu. Ukaniambia mtoto hajawahi kunyamaza hivyo."

Kisu kikasimama.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Si ati ulisikia nusu?"

"Nilisikia kila neno, mama. Nikaangalia nikaona mtoto amelegea, na sikufanya kitu kwa sababu nilikuwa nataka kuondoka. Sista sikumwambia. Halafu nikasema nilimwambia."

Niliongeza kwamba naomba msamaha. Sidhani alisikia hiyo sehemu, au aliisikia akaiweka kando. Alikuwa ametazama chini kwenye sukuma na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, kama mtu anayesoma.

"Baba yao anasema nilikaa kimya," akasema mwishowe. "Mpaka leo tukikosana anasema hivyo. Ati, 'Wewe mama ulikaa kimya na mtoto anakufa.' Mwanzo nilikuwa namwambia nilisema. Baadaye nikaanza kuona ni kama nilifikiria tu kwa roho, mdomo haukutoa." Akaweka kisu chini. "Kumbe nilisema."

"Ulisema."

"Kumbe nilisema, daktari."

Alilia kidogo, akajipangusa kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na mboga. Hakunitukana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi na nadhani nilikuwa nayahitaji, lakini hakuna aliyekuwa na wajibu wa kunipa nilichohitaji. Mteja mwingine akaja, akauziwa nyanya, akaenda.

Nikasimama. Nikamwambia kama anataka niongee na baba yao pia, naweza kurudi siku yoyote atakayosema.

"Hapana," akasema, akanionyesha ile kreti. "Hutarudi. Utakaa hapa mpaka aje."

Nikakaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mume wake hutoka kazi ya mjengo saa kumi na moja jioni.